Uzi: Maji ya chumvi chini ya Lotikipi, tuyafanyie nini na nani aamue?

Mwana wa Lodwar (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Mjadala huu nimeuahidi tangu mwaka jana, na leo nimekaa kuuandika. Ni mrefu, mnivumilie.

Tarehe 11 Septemba 2013, jijini Nairobi, serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kwamba chini ya ardhi ya Turkana kuna maji mengi kupita tulivyowahi kuota. Iliyoyatafuta ni kampuni ya Radar Technologies International ya Mfaransa Alain Gachet, kwa picha za setilaiti na rada, na fedha zilitoka serikali ya Japani. Hifadhi mbili zilithibitishwa kwa kuchimba: ya Lodwar, iliyo ndogo, na ya Lotikipi, ile kubwa, chini ya tambarare inayoelekea mpaka wa Sudan Kusini. Kwa jumla, Turkana nzima, yalikisiwa mita za ujazo bilioni 250. Habari zilisema yangeitosha Kenya nzima miaka 70.

Siku hiyo redio ya jirani ilikuwa juu kabisa na watu wanashangilia. Mama yangu mdogo alikuwa ndiyo kwanza anatoka laga ya Kawalase, yaani mto wa msimu unaobaki mchanga mtupu, mtungi wa lita 20 kichwani, mikono bado ina mchanga wa kufukua. Akatua mtungi, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Ni matamu?"

Hakuna aliyemjibu. Jibu lilikuja 2015, vipimo vilipoonyesha kuwa maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno, binadamu hawezi kuyanywa bila kusafishwa. Shangwe ikazima. Tangu hapo nasikia makundi mawili tu. Moja linasema tujenge mtambo mkubwa tuyasafishe yote, tulime jangwa liwe kijani. La pili linasema ni bahati mbaya, tusahau. Mimi sikubaliani na lolote kati ya hayo mawili, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Kwanza, "maji ya chumvi" si kitu kimoja. Maji ya bahari yana takriban miligramu 35,000 za chumvi kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema yakipita 1,000 kwa lita, mtu huanza kuyakataa kwa ladha. Ziwa Turkana lina karibu 2,500, na watu wa ufuoni wameyanywa vizazi na vizazi kwa kukosa mengine. Kwa mifugo hesabu ni nyingine kabisa. Chini ya 3,000 mbuzi na ng'ombe hawana neno. Kati ya 3,000 na 5,000 wanaweza kuharisha siku za mwanzo, kisha wanazoea. Mpaka 7,000 wanastahimili, ila wenye mimba na wanaonyonyesha wasipewe. Yakipita 10,000 usimpelekee mnyama. Ngamia huvumilia kuliko wote, na tena mwili wake unaidai chumvi: Wagabra na Warendille huwapeleka ngamia wao jangwa la Chalbi makusudi wakapate chumvi. Yaani kitu tunachokiita hasara, jirani zetu wa Marsabit wanakitembelea siku kadhaa kukifuata.

Sasa kilimo. Hapa naomba tufanye hesabu pamoja maana ndipo watu wanapodanganyika. Tuseme maji yako yana miligramu 3,000 kwa lita, yaani kilo 3 kwa kila mita ya ujazo. Hekta moja kwenye joto letu inaweza kunywa mita za ujazo 10,000 kwa mwaka bila taabu. Zidisha. Umemwaga kilo 30,000 za chumvi kwenye hekta moja kwa mwaka mmoja. Tani 30! Maji yanapanda juu na jua, chumvi inabaki. Nchi yenye mvua nyingi huioshea chini. Lodwar tunapata kama milimita 200 kwa mwaka, tena kwa mafuriko ya siku chache. Itaoshwa na nini? Maharagwe ndiyo huanza kufa, mahindi yanafuata, mtama na kunde hujikaza, mtende hujikaza pia. Ila udongo ukishakuwa mweupe juu, hata mtama hauna la kufanya.

Na kusafisha je? Mtambo unasukuma maji kwa shinikizo kupita kwenye utando. Maji matamu yanapita, chumvi inabaki. Inafanya kazi, sibishi, na nishati tunayo, jua limejaa. Lakini tuchukue lita 10,000 kwa siku zenye miligramu 5,000 kwa lita. Mtambo mzuri utakupa kama lita 7,500 tamu. Zile 2,500 zinabaki na karibu chumvi yote, sasa zimefika karibu 20,000 kwa lita. Ndani yake kuna kama kilo 50 za chumvi. Gunia moja kila siku, kwenye mtambo mdogo wa kijiji. Linakwenda wapi?

Nimeliona linakokwenda. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza fundi kwenye kijiji kimoja, sitakitaja, kulikokuwa na mtambo wa msaada uliokuwa umekufa. Utando ulikuwa umeziba, hakuna aliyeachiwa kazi wala pesa ya kununua mwingine. Kibao cha ufunguzi bado kinang'aa ukutani. Bomba la maji machungu lilikuwa limeishia hatua kama 40 nyuma ya kioski, wazi, juu ya mchanga. Pale palikuwa na ganda jeupe linalovunjika ukilikanyaga kama sahani ya udongo, na migunga mitatu imekauka imesimama. Mbuzi walikuwa wanalamba lile ganda. Akina mama walikuwa wamerudi kufukua laga.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Maji ya chumvi yabaki kuwa maji ya chumvi. Yapewe wanaoyaweza: ngamia, mbuzi, kondoo, kufua, kudekia, choo. Mtambo uwe mdogo na usafishe ya kunywa na kupika peke yake, lita 5 kwa mtu kwa siku. Lita 7,500 hivyo zinatosha watu 1,500, lakini mkisafisha na ya kuoga na kufulia, lita 20 kwa mtu, zinawatosha watu 375 tu. Maji machungu yaende kwenye mabwawa yaliyotandikwa turubai zito, yakauke, chumvi ikusanywe. Mashamba makubwa hapana. Na haya yote yaamuliwe chini ya mti wa wazee kabla mashine ya kuchimba haijafika.

Nangoja hoja zenu.

Mkulima wa Katilu

Ndugu yangu, umeandika vizuri lakini wakulima umetunyonga. Sisi wa Katilu tunalima kwa mto Turkwel na tunajua mfereji ulivyowatoa watu kwenye foleni ya mahindi ya msaada. Tumekula chakula cha msaada tangu babu zetu. Leo Mungu ametuwekea maji chini, unasema tuwape ngamia?

Israel wanalima jangwa la Negevu kwa maji ya chumvi ya chini ya ardhi. Zeituni, nyanya, hadi samaki. Dubai kuna kituo cha kimataifa tangu 1999 cha kilimo cha maji ya chumvi tu. Kama wao wanaweza, sisi tumekosa nini? Mtoto wangu hataki kuchunga, anataka shamba.

Mama Ndoo Mbili, Dodoma

Habari zenu ndugu wa Kenya. Mimi nipo Dodoma, si mtaalamu, ni mama wa nyumbani. Maji ya chumvi tumezaliwa nayo. Naomba niwaambie tu tunavyoishi.

Kwangu kuna ndoo mbili mlangoni, ya bluu na nyekundu. Ya bluu ni maji ya kununua, ya kunywa na chai. Nyekundu ni ya kisimani. Mtoto wa miaka minne anajua asichovye kikombe kwenye nyekundu. Ukipikia chai ya maziwa maji ya kisima, maziwa yanakatika mbele ya macho yako, yanakuwa vipande. Maharage yanachemka asubuhi hadi mchana na bado magumu. Sabuni ya mche unasugua mpaka mkono unauma, povu hakuna. Ila nyumba inadekiwa, mbuzi wanakunywa, na pesa ya maji ya kununua inakuwa ya kunywa tu.

Anachosema mwanzisha uzi ndicho tunachofanya bila kuambiwa na mtu. Ombi langu: mkipanga, wekeni bomba mbili zenye rangi tofauti, na mama wa kijiji ndio wachague rangi. Wazee watasahau, sisi ndio tunachota.

Mwana wa Lodwar

Dada wa Dodoma, asante sana. Rangi mbili za bomba nilikuwa sijazifikiria hata kidogo, naziandika.

Ndugu wa Katilu, sikutaka kukunyonga. Katilu mnalima kwa mto, na maji ya Turkwel ni matamu. Hiyo ni habari nyingine na mimi ni wa kwanza kula mahindi yenu. Negevu ni kweli wanafanya. Lakini angalia wanavyofanya. Maji yanafugia samaki kwanza, kisha yaleyale yanakwenda kwa mimea inayovumilia, zeituni na mitende, kwa matone kwenye shina, si kwa mfereji. Chumvi ya udongo inapimwa, na nyuma yao kuna watafiti na pesa. Sisi tutapewa mfereji na picha ya ufunguzi.

Mtende nakubali. Lodwar tayari kuna mitende kando ya Turkwel, watu wanaijua. Nusu ekari ya majaribio, kwa matone, udongo upimwe kabla na baada ya miaka mitatu. Ukibaki salama tuongeze. Ukianza kuwa mweupe tumepoteza nusu ekari, si tambarare nzima.

Bint Batina

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Oman, pwani ya Batina. Babu yangu alizaliwa Unguja, akarudi huku miaka ya sabini, na Kiswahili ndicho cha nyumbani mpaka leo.

Nataka kuwaambia kilichotupata maana hakikuanza na maji ya chumvi. Kilianza na maji matamu. Zamani huku maji ya vijijini yaligawiwa kwa falaji, mfereji mmoja, na kila mtu ana zamu yake. Zamu inaitwa athari, ni kama nusu saa. Kuna wakili wa falaji anayesimamia, na kuna fungu la msikiti. Mtu hawezi kuchota zaidi ya zamu yake hata akiwa tajiri. Mafalaji mengine yamo kwenye urithi wa dunia tangu 2006.

Kule pwani kwetu zikaja pampu. Kila shamba kisima chake, pampu yake, hakuna zamu, hakuna wakili. Babu alifurahi, maji yanamwagika saa yoyote. Maji matamu yakashuka, na bahari ikaingia chini kwa chini kujaza nafasi. Kwanza malimau yakakauka. Kisha mitende ya upande wa bahari ikaanza kudondosha vichwa, shina limesimama peke yake kama nguzo. Mimi nimecheza utotoni katikati ya nguzo hizo bila kujua kuwa zilikuwa mitende.

Kwa hiyo swali langu: hifadhi tamu ya Lodwar mnayo. Nani anazuia watu wasiinyonye kwa kuwa ya Lotikipi ni ya chumvi? Mkivuta tamu kupita kiasi, chumvi itaifuata.

Mwana wa Lodwar

Bint Batina, nimesoma mara tatu. Hili la zamu na wakili ndilo nililokuwa nalitafuta na sina jina lake. Kwa lugha ya huku ningesema kisima kisiwe na mwenye pampu, kiwe na mwenye zamu.

Na kweli, mji wa Lodwar unategemea maji ya chini ya kando ya Turkwel, na mji unakua kila mwaka. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 926,976 kaunti nzima. Nilikuwa nimeitazama Lotikipi peke yake.

Msomi wa Sheria

Niongezee upande wa sheria kwa kifupi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Lakini maji yenyewe ni rasilimali ya umma. Kuyachota kwa kiwango kikubwa kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Ardhi iliyo juu yake ni suala jingine: Ibara ya 63 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zinaiweka mikononi mwa jamii, mradi jamii imejiandikisha. Kwa hiyo maji yanashikwa na serikali kwa niaba yetu, na mlango wa kuyafikia tunao sisi. Jamii ambayo haijasajili ardhi yake itaitwa mkutanoni kupiga makofi tu. Anzeni hapo kabla ya kuzungumzia mitambo.

Na hilo la mti wa wazee liangalie vizuri, mkuu. Dada wa Dodoma amekugusa pale. Chini ya mti ule wanakaa wanaume.

Mchungaji wa Magharibi

Mimi nachunga. Nina simu lakini mtandao ni wa kupanda kilima, kwa hiyo mtanisamehe nikichelewa kujibu.

Kaka Mwana wa Lodwar, umewapenda ngamia wetu na nimefurahi. Lakini kuna kitu hujakiona. Umeuliza maji yaende kwa nani, hukuuliza nyasi zitakuwaje.

Lotikipi ni malisho ya kiangazi. Mvua ikinyesha tunatawanyika, maji yapo kila laga. Lotikipi inapumzika. Kiangazi kikibana tunarudi kule, nyasi zipo zimekauka zikiwa zimesimama. Kwa nini zipo? Kwa sababu hakuna maji ya kukaa mwaka mzima. Ukosefu wa maji ndio mlinzi wa zile nyasi. Ukiweka visima vinavyotoka maji mwaka mzima, hata ya chumvi, watu hawataondoka. Watajenga. Nyasi zitaisha ndani ya miezi miwili, na kiangazi kikija mifugo itakufa njaa huku birika limejaa.

Kitu cha pili. Tambarare ile hatuko peke yetu. Kuna Watoposa upande wa Sudan Kusini, na wengine kutoka Uganda. Kisima kimoja kikiwekwa mahali pabaya ni vita. Baba yangu anazo kovu za kisima.

Sikatai maji. Nasema tu kwamba mahali bomba lilipo ndipo ng'ombe wanalala, na mahali ng'ombe wanalala ndipo udongo unakufa.

Mwana wa Lodwar

Ndugu mchungaji, umenikalisha. Nimekaa na ujumbe wako tangu jana usiku sikuweza kujibu haraka.

Nimekosea kwenye pendekezo langu, na ninalirekebisha hapa mbele ya wote. Nilipanga lita, nikasahau miezi. Kisima cha mifugo cha Lotikipi kifungwe mvua zinapoanza na kifunguliwe kiangazi kikishika, na siku ya kufungua waiseme wachungaji wenyewe, si ofisi. Pampu iwe na kufuli. Funguo ziwe mbili, za watu wawili wa koo tofauti, zote zihitajike. Mahali pa kuchimba pajadiliwe na Watoposa na jirani wa Uganda kabla, hata kama mazungumzo yatachukua mwaka. Mtambo wa kunywa ukae karibu na shule na zahanati, kwenye watu waliokwisha kutulia kama Kakuma na Kalobeyei na Lokichoggio, si katikati ya malisho.

Msomi wa Sheria, na hilo la mti nimelisikia. Nilikulia nikiona mama zetu wakikaa pembeni nyuma ya ule mti, wakisikiliza. Maji wanachota wao. Ufunguo mmoja kati ya zile mbili uwe wa mwanamke.

Kitu kimoja nilikisahau mwanzoni na si kidogo: chumvi unaionja, madini ya floraidi huyaonji. Bonde la Ufa tunayo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa yaliyozidi miaka yake ya kuota meno, yanatoka na madoa ya kahawia na hayasuguliki, na yakizidi sana mifupa inapinda. Kwa hiyo kisima kikipimwa chumvi peke yake hakijapimwa. Mtambo wa utando unapunguza floraidi pia. Penye chumvi kidogo na floraidi nyingi, mkaa wa mifupa unafaa kuichuja. Umetumika Nakuru na Arusha.

Mkulima wa Katilu

Nimesoma yote. Ile nusu ekari ya mitende nitailima mimi, kama kisima kitapatikana karibu na barabara. Sihitaji malipo, nahitaji mtu wa kunipimia udongo. Lakini miaka mitatu ni mingi, tuseme tupime kila msimu.

Mwana wa Lodwar

Tumekubaliana, kila msimu. Kipimo ninacho, kile kidogo kama kalamu. Unachovya kwenye glasi, unasubiri namba itulie. Wiki ijayo natoka na pikipiki kupima visima vitano kati ya Lodwar na Kakuma. Nitaweka namba hapa hapa, nzuri na mbaya.

Mwenye kisima kwao aandike chini: mahali, kina chake kama anakijua, namba kama imepimwa, na kama hakijapimwa basi apike chai ya maziwa kwa maji hayo atuambie kama maziwa yamekatika. Mama yangu mdogo ameshaanza. Ya kisima cha shule ya karibu na kwake yamekatika.